Kutuma mafaili bila waya kati ya kishikwambi na kompyuta ya nyumbani

Kabla hujapakua programu yoyote, fanya jambo moja. Chukua kishikwambi chako, fungua mipangilio ya Wi-Fi, usome jina la mtandao ambao kimeunganishwa nao. Kisha nenda kwenye kompyuta ukasome jina la mtandao wake. Soma herufi kwa herufi. Watu wengi wanaoniambia "imegoma" huwa wamekwama hapa, wala si kwenye programu. Kompyuta imeshika mtandao mkuu wa nyumbani, kishikwambi kimeshika ule wa wageni, na vifaa viwili vilivyolala juu ya meza moja havionani kabisa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe mwenye kishikwambi, kiwe cha Android au iPad, na kompyuta nyumbani, uliyechoka kutafuta waya kila siku au kujitumia picha tano tano kwa barua pepe. Nitaanza na namna mafaili yanavyosafiri, kwa sababu ukishalielewa hilo utajua mwenyewe pa kutazama siku mambo yatakapokataa. Baada ya hapo nitakupa njia ya haraka ya kutuma mara moja moja, halafu njia ya kudumu ambayo ndiyo ninayoitumia mimi kila siku.

Mafaili yanapita wapi

Ruta ya nyumbani ina kazi mbili. Ya kwanza tunaijua sote: kutuunganisha na intaneti. Ya pili watu huisahau: kuviunganisha vifaa vya ndani ya nyumba, chenyewe kwa chenyewe. Kazi hii ya pili haihitaji intaneti hata kidogo. Bando likiisha, au mtoa huduma akikata laini, ruta ikiwa bado inawaka unaweza kuendelea kutuma mafaili kutoka chumba kimoja hadi kingine kama kawaida. Faili linatoka kwenye kishikwambi, linafika kwenye ruta, linaingia kwenye kompyuta. Halitoki nje ya nyumba, na halili data.

Linganisha na kutumia Google Drive. Video ya MB 500 inapanda kwanza hadi kwenye seva iliyo mbali, kisha inashushwa tena kwenye kompyuta. Kama data yako inahesabiwa, umelipia MB 1,000 ili kusogeza kitu kwa hatua mbili. Ukipitisha kwenye WhatsApp kama picha au video ya kawaida, inabanwa njiani na ubora unapungua.

Kila kifaa kinapojiunga, ruta hukipa anwani ya IP, yaani namba za kukitambulisha ndani ya nyumba. Mara nyingi huanza na 192.168, wakati mwingine 10, au 172 ikifuatiwa na namba kati ya 16 na 31. Hizi zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Utazihitaji, kwa hiyo jifunze kuziona:

Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika `ipconfig`, bonyeza Enter, utafute mstari wa IPv4 Address. Kwenye Mac, ingia System Settings, kisha Wi-Fi, ubofye Details pembeni ya jina la mtandao. Kwenye kishikwambi, gusa jina la mtandao ulimounganishwa (au alama iliyo pembeni yake) na anwani itaonekana chini.

Sasa ziweke pamoja. Kompyuta ikiwa 192.168.1.24 na kishikwambi 192.168.1.31, mko sawa: katika nyumba nyingi namba tatu za mwanzo hulingana na ya mwisho ndiyo hutofautiana. Ukiona moja ni 192.168.1.24 na nyingine 192.168.5.31, karibu kila mara maana yake ni kwamba kuna kifaa kiko kwenye mtandao mwingine. Na ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kifaa hicho hakijapewa anwani na ruta. Kitenganishe na mtandao, kiunganishe upya.

Kuna mambo matatu ya kujua hapa. Kwanza, majina yakitofautiana kwa "5G" tu mwishoni, usihofu. Ruta nyingi hutangaza mawimbi ya GHz 2.4 na GHz 5 kwa majina mawili, lakini nyuma yake ni mtandao mmoja. Pili, mtandao wa wageni kwa kawaida umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, kwa hiyo hata vyote viwili vikiwa humo, bado haitakubali. Tatu, kama umewasha VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali) kwenye kishikwambi au kwenye kompyuta, izime kwanza, kwani nyingi huziba mawasiliano ya ndani.

Njia ya haraka: LocalSend

Kwa mtu anayetaka kutuma kitu sasa hivi, na hasa kama kishikwambi ni cha kampuni moja na kompyuta ni ya mfumo mwingine, LocalSend ndiyo ninayoipendekeza mbele ya zote. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, haina matangazo, haikutaki ufungue akaunti, na inafanya kazi kwenye Android, iPad, Windows, Mac na Linux. Mafaili yanasafiri yakiwa yamefumbwa, hivyo mwingine aliye kwenye mtandao huo huo hawezi kuyachungulia njiani.

1. Isakinishe pande zote mbili. Kwenye kishikwambi ipate dukani mwa programu. Kwenye kompyuta ipakue kutoka tovuti yake rasmi.

2. Ifungue pande zote mbili na uiache wazi. Kila kifaa kitajipa jina la tunda pamoja na sifa yake kwa Kiingereza. Badilisha majina hayo kwenye mipangilio ya programu, uandike kitu unachokitambua, kama "Kompyuta ya sebuleni". Katika nyumba yenye vifaa vitano vyenye majina ya matunda ni rahisi kutuma kitu kusikokusudiwa.

3. Windows itauliza kama programu iruhusiwe kuwasiliana kwenye mtandao. Ruhusu kwa mitandao binafsi. iPad nayo itauliza kama programu iruhusiwe kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani, kubali. Ukikosea ukakataa, programu haitaona kitu na wala haitakueleza sababu. Rudi Settings, Privacy & Security, Local Network, uwashe kitufe cha LocalSend.

4. Upande unaotuma, ingia kwenye sehemu ya kutuma, chagua picha, mafaili au folda nzima, kisha gusa jina la kifaa kinachopokea.

5. Upande unaopokea, kubali. Kwenye Windows mafaili yataingia folda ya Downloads. Kwenye Android yataingia Download. Kwenye iPad yatafute ndani ya programu ya Files, kwenye folda ya LocalSend.

Usiruhusu skrini ya kishikwambi izime katikati ya faili kubwa. Vishikwambi hulaza programu skrini inapozimika ili kuokoa chaji, na kutuma hukatika. Ongeza muda wa skrini kuwaka kabla hujaanza, au kiguse mara kwa mara.

Kama majina hayatokei na umeshahakikisha mtandao ni mmoja, kuna alama ya kuandika anwani kwa mkono. Andika ile ya kompyuta uliyoiona kwa `ipconfig`. Ikishindikana hata hapo, kinachozuia mara nyingi ni Windows Defender Firewall (ukuta wa ulinzi wa Windows) au programu ya kuzuia virusi. LocalSend hutumia mlango (port) namba 53317, wa TCP na wa UDP, yaani aina mbili za mawasiliano ya mtandao. Hiyo ndiyo namba ya kuiruhusu.

Wenye iPad na Mac wanaweza kuruka haya yote, kwani AirDrop imo tayari. Washa Wi-Fi na Bluetooth pande zote mbili, chagua faili, gusa alama ya kushiriki, kisha AirDrop. Wenye Android na Windows wana Quick Share, ambayo Google iliianzisha mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share na mwaka 2024 ikaunganishwa na ile ya Samsung. Kwenye kompyuta inabidi usakinishe programu yake. Ni nzuri, ila hudai Bluetooth iwepo na iwake kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi za mezani hazina.

Bluetooth yenyewe peke yake niiseme kwa kifupi: inafaa kwa waraka mmoja au picha mbili. Kwa video ya MB 700 unaweza kukaa karibu saa nzima. Na iPad haitumi mafaili ya kawaida kwa Windows kupitia Bluetooth, kwa hiyo usipoteze muda kujaribu.

Njia ya kudumu: folda ya pamoja kwenye kompyuta

Njia ya haraka ina kasoro moja: kila mara lazima ufungue programu pande zote mbili, utume, ukubali. Kama unahama hama kati ya vifaa viwili mchana kutwa, hilo linachosha. Dawa yake ni kuifanya folda moja ya kompyuta ionekane kwenye kishikwambi kana kwamba imo humo ndani. Lugha inayotumika hapa huitwa SMB, na Windows, Mac, Linux na iPad zote zinaielewa bila kuongezewa kitu kikubwa. Kuiandaa kunachukua labda dakika ishirini, lakini unaiandaa mara moja tu.

Nitaeleza Windows kwa kirefu kwa kuwa ndiyo yenye mitego.

Tengeneza folda mpya kwa ajili ya kazi hii tu. Iite Kishikwambi, au Pamoja, upendavyo. Nakusihi usishiriki diski nzima, wala folda yako yote ya Documents. Chochote utakachokishiriki kinaweza kufutwa kutoka upande wa pili, na kishikwambi ni kitu kinachoshikwa na watoto.

Kisha iambie Windows kwamba huu ni mtandao wa nyumbani. Ingia Settings, Network & internet, ubofye Wi-Fi (au Ethernet kama umetumia waya), fungua sifa za mtandao uliounganishwa nao, uchague Private network. Ukiacha Public, kompyuta itajificha, na huko ndiko inakotakiwa kujificha ukiwa mgahawani au hotelini. Baada ya hapo tafuta Advanced sharing settings, na chini ya mitandao binafsi uwashe File and printer sharing.

Rudi kwenye folda. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, ingia kwenye kichupo cha Sharing, bofya Share. Chagua mtumiaji, umpe ruhusa ya Read/Write ili kishikwambi kiweze pia kuandika, si kusoma tu. Bofya Share tena. Windows itakuonyesha njia ya folda, ikianza na alama mbili za mkwaju wa nyuma (`\\`), jina la kompyuta, kisha jina la folda. Ipige picha au iandike.

Sasa mtego wenyewe. Utakapoulizwa jina na nenosiri kwenye kishikwambi, utashawishika kuandika zile namba nne au sita unazofungulia kompyuta kila asubuhi. Hazitakubali. PIN ya Windows ni ya kufungulia kompyuta hiyo ukiwa mbele yake, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina ni anwani yako ya barua pepe na nenosiri ni la akaunti hiyo, lile ambalo pengine uliliandika mara ya mwisho siku uliyonunua kompyuta. Kama akaunti ni ya ndani ya kompyuta na haina nenosiri kabisa, Windows itamkataa anayeingia kwa mtandao, kwani kwa kawaida hairuhusu nenosiri tupu kupita hapo.

Ushauri wangu ni kumaliza tatizo hili kwa kufungua mtumiaji mwingine kwenye kompyuta, wa ndani, kwa kazi hii tu. Mwite kwa mfano *tableti*, mpe nenosiri refu, na kwenye dirisha la Share mwongeze yeye peke yake kwenye ile folda. Ukifanya hivyo, nenosiri la barua pepe yako halihifadhiwi ndani ya kishikwambi, na kikipotea unamfuta mtumiaji yule bila kugusa kitu kingine. Kama huna uhakika wa jina la mtumiaji yeyote, ingia kwa akaunti yake, ufungue Command Prompt, uandike `whoami`. Jibu litakuwa na jina la kompyuta, mkwaju, kisha jina la mtumiaji.

Kwenye iPad, fungua Files, nenda Browse, gusa alama ya nukta tatu, chagua Connect to Server. Andika `smb://192.168.1.24` ukiweka anwani ya kompyuta yako. Chagua Registered User, jaza jina na nenosiri. Folda itatokea chini ya Shared. Hili limewezekana tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, kwa hiyo iPad ya zamani zaidi ya hapo itahitaji programu ya pembeni.

Kwenye Android inategemea kifaa. Vishikwambi vya Samsung vina sehemu ya hifadhi ya mtandao ndani ya programu yao ya My Files. Kwa vingine sakinisha CX File Explorer, Solid Explorer au Material Files. Zote hukuruhusu kuongeza seva ya SMB kwa kuandika anwani, jina na nenosiri. Ukikutana na programu au ushauri wowote unaokutaka uwashe SMB 1.0 kwenye Windows, uache. Toleo hilo ni kongwe mno na Microsoft iliacha kulisakinisha kwa kawaida tangu 2017, mwaka ule ule ambao kirusi cha WannaCry kilipitia udhaifu wake kikafunga kompyuta duniani kote.

Kwenye Mac kazi ni fupi: System Settings, General, Sharing, washa File Sharing, bofya alama ya maelezo pembeni yake, ongeza folda. Kisha bofya Options uhakikishe SMB imewekewa alama, na uweke alama kwenye jina lako kama kishikwambi ni cha Android. Kwenye Linux sakinisha Samba, programu iliyoanza mwaka 1992 kwa kazi hii hii, na usisahau kumpa mtumiaji nenosiri la Samba kwa amri ya `sudo smbpasswd -a` ikifuatiwa na jina lake. Nenosiri la Samba ni tofauti na la kuingilia kwenye kompyuta, na kulisahau hilo ndiko kunakowakwamisha wengi.

Likikubali mara ya kwanza utaona raha yake. Video iliyo kwenye kompyuta unaicheza kwenye kishikwambi bila kuinakili. VLC, programu ya kucheza video, inaweza kuingia moja kwa moja kwenye folda za mtandao. Waraka uliouchora kwa kalamu kwenye kishikwambi unauhifadhi ndani ya ile folda, na ukifika kwenye kompyuta upo tayari.

Halafu, wiki moja au mbili baadaye, kutakataa. Sababu karibu kila mara ni moja kati ya mbili. Ama kompyuta imelala. Irekebishe isilale ikiwa kwenye umeme. Ama ruta imeipa kompyuta anwani nyingine: jana ilikuwa 192.168.1.24, leo ni 192.168.1.27, na kishikwambi bado kinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Angalia `ipconfig` upya. Ili lisijirudie, ingia kwenye ukurasa wa ruta kupitia kivinjari, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute sehemu ya kutenga anwani kwa kifaa, uifunge anwani hiyo kwa kompyuta yako.

Kishikwambi cha zamani kisichokubali programu mpya

Vipo vingi majumbani: skrini bado nzuri, betri inavumilia, lakini duka la programu linasema kifaa hakifai. Ikiwa kivinjari chake bado kinafunguka, kuna njia. Kwenye kompyuta yenye Python (lugha ya kuandikia programu), fungua Command Prompt ndani ya folda unayotaka kuitoa na uandike `python -m http.server 8000` (kwenye Mac na Linux andika `python3`). Kwenye kishikwambi fungua kivinjari, andika `http://192.168.1.24:8000`, na orodha ya mafaili itatokea. Gusa faili, linapakuliwa. Njia hii ni ya upande mmoja, kutoka kompyuta kwenda kishikwambi, na haina nenosiri: yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kuona folda hiyo. Ukimaliza, rudi kwenye lile dirisha ubonyeze Ctrl na C pamoja.

Kuna pia programu za Android zinazokifanya kishikwambi chenyewe kiwe seva ya FTP (njia ya zamani ya kutuma mafaili kwenye mtandao); CX File Explorer inayo hiyo. Inakupa anwani kama `ftp://192.168.1.31:` na namba ya mlango, unaiandika juu kwenye File Explorer ya Windows, na mafaili ya kishikwambi yanaonekana kama folda. Ni rahisi, ila FTP hupitisha nenosiri na mafaili bila kuyafumba. Itumie kwenye mtandao wa nyumbani kwako tu na uizime mara umalizapo.

Na kama ruta haipo kabisa? Washa hotspoti ya simu ya Android, unganisha kishikwambi na kompyuta humo, fuata hatua zile zile. Zima kwanza data ya simu. Mafaili yako yenyewe hayatakula bando, lakini kompyuta ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake kimya kimya, na hapo ndipo bando huisha ukadhani ni mafaili.

Kuhusu kasi

Ruta na matangazo yake huhesabu kwa biti, mafaili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Muunganisho wa Mbps 100 (biti milioni 100 kwa sekunde) kwa hesabu ni MB 12.5 kwa sekunde, na hewani utapata pungufu ya hapo. Video ya GB 2 kwa kasi hiyo ingechukua kama dakika mbili na nusu kwa hesabu kavu. Kwa hali halisi jiandae kwa mara mbili yake.

Jambo ambalo wengi hawalioni: kompyuta na kishikwambi vyote vikiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kutoka kifaa hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi kifaa. Vyote vinagombea hewa ile ile. Ukiichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, safari moja inaondoka hewani na kasi inaweza kukaribia maradufu. Kwangu mimi hilo limesaidia kuliko kubadilisha programu yoyote. Baada ya hapo, kiunganishe kishikwambi na GHz 5 ukiwa karibu na ruta. Ukiwa nyuma ya kuta mbili tatu, GHz 2.4 hufika vizuri zaidi ingawa ni ya polepole.

Nakili, usihamishe

Dada yangu alikuwa na rekodi 62 za sauti ya bibi yetu, alizozichukua kwa kishikwambi katika miaka yake ya mwisho. Kishikwambi kilikuwa kimejaa, akaniomba nizipeleke kwenye kompyuta. Nilizichagua zote nikabonyeza "kata", kisha nikazibandika kwenye folda ya pamoja, kwa kuwa nilitaka kumwachia nafasi mara moja. Karibu na mwisho, chaji ya kishikwambi ikaisha. Kilipowaka tena, kwenye kompyuta kulikuwa na majina 62. Nikashukuru. Jioni ndipo nilipopanga folda kwa ukubwa, nikaona faili moja imeandikwa KB 0. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, ndani hamna sauti. Kwenye kishikwambi nako haikuwepo tena. Tulijaribu programu za kurudisha vilivyofutwa kwa siku mbili, haikupatikana.

Tangu siku hiyo sikati faili kupitia Wi-Fi, hata liwe moja. Fanya hivi:

Chaji kishikwambi, au kiache kwenye umeme kazi inapoendelea. *Nakili* mafaili, uyabandike upande wa pili, usubiri mpaka mwisho.

Kisha linganisha vitu viwili: idadi na ukubwa wote kwa jumla. Kwenye Windows chagua mafaili yote kwa Ctrl na A, ubonyeze Alt na Enter pamoja. Utaona idadi na ukubwa. Tazama ukubwa wenyewe, si ule wa nafasi kwenye diski, kwani huo hutofautiana kati ya kifaa na kifaa. Kwenye kishikwambi tazama maelezo ya folda ile ile. Idadi peke yake haitoshi, rekodi ya bibi ni shahidi. Panga folda kwa ukubwa na uyatazame yaliyo madogo kuliko yote.

Kisha fungua machache: la kwanza, la mwisho, na moja au mawili ya katikati. Kama ni sauti au video, sogeza hadi karibu na mwisho usikilize.

Ukikuta kuna yaliyobaki nyuma, sababu za kawaida ni hizi. Faili lenye zaidi ya GB 4 haliingii kwenye kadi ya kumbukumbu au diski iliyoumbizwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili). Iumbize kwa exFAT baada ya kutoa vilivyomo. Jina lenye nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota au alama za kunukuu hukataliwa na Windows, nalo hutokea sana kwa rekodi zinazojiandika saa. Libadilishe jina kisha utume tena. Kwa picha za iPad, zile ambazo asili yake iko iCloud na kwenye kifaa kuna nakala ndogo tu, lazima zipakuliwe kwanza, na hapo intaneti itahitajika. Na zile zinazofika zikiwa na kiambishi cha HEIC ambazo kompyuta haizifungui hazijaharibika. Ni aina ya picha ambayo iPad hupiga. Ili picha mpya zije kwa JPEG, ingia Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible.

Yote yakishalingana, futa kwenye kishikwambi, lakini usishangae nafasi isipoongezeka papo hapo. iPad huziweka picha zilizofutwa kwenye Recently Deleted kwa siku 30, na Google Photos ina pipa lake pia. Ziache humo kwa wiki moja wakati unaendelea kuzitumia zile za kwenye kompyuta, kisha ndipo ulimwage pipa.